Kabla ya Mfuko wa Mbolea: Udongo wa Kahawa Tanzania na Namna ya Kuulisha

  

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alichapisha wazo ambalo hadi leo linafundishwa duniani kote. Alikuwa akitafuta namna ya kuchora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki, akaona kwamba udongo haukai kwa mabaka makubwa ya rangi moja. Juu ya kilima kuna udongo wa aina moja, katikati ya mteremko wa aina nyingine, bondeni wa aina ya tatu, na mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Akauita katena. Ramani yake ilitoka mwaka uliofuata.

Hoja yangu ya leo inatokana na alichokiona Milne. Ikiwa udongo hubadilika katika mwendo wa dakika chache kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, kwa nini mkulima wa Kibosho, wa Muleba, wa Mbozi na wa Mbinga waende dukani na kurudi na mfuko uleule wa mbolea, na kuutia kwa kipimo kilekile? Nasema wazi kwamba sehemu kubwa ya fedha ambayo mkulima mdogo wa kahawa anaitumia kwenye mbolea haiufikii mbuni wake. Inaishia kwenye udongo ambao hakuna aliyeupima. Na kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya nchi hii hutoka kwa wakulima wadogo, hasara hiyo ni ya taifa.

Tuanze na mti wenyewe. Asili ya arabika ni misitu ya milimani ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Huko ulikua kivulini, juu ya majani yaliyooza miaka na miaka, ardhi ikiwa laini, yenye hewa na unyevu usiotuama. Wamisionari Wakatoliki waliupanda Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1898. Robusta nayo ilikuwa Kagera kabla ya wageni hao, na Wahaya walikuwa wakitafuna buni zake zilizochemshwa na kukaushwa. Aina zote mbili ni miti ya msituni, na msituni hakuna anayetia mbolea. Chakula chote hutoka kwenye majani yanayoanguka na kuoza. Ndiyo maana mizizi mingi ya mbuni inayonyonya chakula imejaa katika sentimita 30 za juu za udongo. Mizizi hiyo inataka hewa, haivumilii maji yaliyosimama, na inaumia vibaya jembe linapopita karibu na shina. Mkulima anayelima kwa kina chini ya mibuni yake akidhani anasafisha shamba, anakata midomo ya mti.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo ningependa mtoke nalo hapa hata kama mtayasahau mengine yote: uchachu wa udongo.

Tunaupima kwa kipimo cha pH. Udongo wenye pH 7 hauna uchachu wala magadi. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyopanda, na kila namba moja ni mara kumi, kwa hiyo udongo wa pH 5 una uchachu mara kumi ya udongo wa pH 6, na wa pH 4 ni mara mia. Mbuni hupenda uchachu kiasi. Hustawi kati ya 5 na 6.5, na vizuri zaidi karibu na katikati. Ukishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyofungwa ndani ya madini ya mfinyanzi huanza kuyeyuka, na chini ya 5 inakuwa nyingi kiasi cha kudhuru. Aluminiamu ni sumu kwa ncha za mizizi. Mizizi inakuwa mifupi, minene, bila vinyweleo, haiwezi tena kufuata maji chini wakati wa kiangazi. Mkulima anaona majani yamenyauka mwezi wa tisa na analaumu jua. Wakati huohuo fosforasi, ambayo tayari ni haba, inanaswa na aluminiamu na chuma, na mti hauwezi kuinyonya. Unaweza kumwaga mbolea ya fosforasi juu ya udongo wa namna hiyo na mti ukabaki na njaa.

Uchachu huu unatoka wapi? Sehemu ni mvua. Panaponyesha sana kwa maelfu ya miaka, kalsiamu na magnesiamu huoshwa kwenda chini. Lakini sehemu nyingine tunaitengeneza wenyewe, na hapa naomba wanafunzi wanisikilize kwa makini. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia), ambayo wakulima wengi wameizoea, ina naitrojeni ya amonia. Bakteria wa udongo huigeuza kuwa naitreti, na katika kugeuza huko kila chembe moja ya amonia huacha chembe mbili za haidrojeni, ambazo ndizo uchachu wenyewe. Mbuni ukiinyonya naitreti hiyo, sehemu ya uchachu hutulizwa. Lakini mvua ya masika ikiikokota naitreti kwenda chini kabla mizizi haijaifikia, uchachu unabaki juu, na naitreti inaondoka pamoja na kalsiamu na magnesiamu ambazo mti ulizihitaji. Urea nayo huchachua udongo, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko SA kwa kila kilo ya naitrojeni. Mbolea ya CAN, kwa kuwa ina chokaa ndani yake na nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti, haina madhara makubwa upande huo. Siisemi SA kwa ubaya wote, maana ina salfa ambayo mibuni inaihitaji, na kwenye udongo wenye pH ya juu yaweza kufaa kabisa. Ninachosema ni kwamba mkulima anayemwaga SA mwaka baada ya mwaka bila chokaa, bila kujua pH yake ni ngapi, analisha majani ya mibuni yake na kuua mizizi.

Dawa ya uchachu inajulikana. Ni chokaa ya kilimo, na nchi hii ina miamba ya chokaa Tanga na Songwe, mwendo usio mrefu kutoka mashamba ya Mbozi. Lakini chokaa ina masharti yake. Hutembea polepole sana udongoni, kwa hiyo ikitandazwa juu ya shamba lenye mibuni iliyokwisha kukomaa huchukua muda mrefu kushuka hata sentimita chache. Wakati wake hasa ni wa kuchimba mashimo ya kupandia, ikachanganywa na udongo wote wa shimo miezi kadhaa kabla ya kupanda miche. Kwenye shamba la zamani, jasi yaweza kusaidia, ile inayochimbwa Makanya wilayani Same. Haipandishi pH kwa kiasi cha kutajika, ila huyeyuka na kushuka na kalsiamu hadi kwenye mizizi ya chini, na salfeti yake hupunguza makali ya aluminiamu huko. Na chokaa nayo ikizidi ina adhabu yake, kwa sababu zinki, chuma na boroni hufungika na majani machanga huwa ya njano. Nani basi atajua kiasi? Ni aliyepima.

Kuna maeneo mawili ambayo ningependa kuyalinganisha kwa kina, maana yanafundisha mengi.

Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na udongo wake ni mtoto wa majivu na lava. Kwenye ukanda wa juu wa vihamba tunakuta andosoli, udongo mweusi mwepesi, uliojaa mboji, unaoshika maji mengi. Ukiushika mkononi unahisi utajiri. Na kweli ni tajiri, lakini una siri moja. Madini yake yanayoitwa alofani hukamata fosforasi kwa nguvu kubwa. Ukishuka chini zaidi unakuta nitisoli nyekundu zenye kina kirefu, ambazo kwa maoni yangu ni miongoni mwa udongo bora wa kahawa duniani. Juu ya udongo huo Wachaga walijenga kihamba, yaani migomba na kahawa chini ya mringaringa, mfuruanje na msesewe, maji ya mfongo, yaani mfereji, yakipita pembeni, ng'ombe wakiwa zizini na samadi yao ikirudi shambani. Miti ya kivuli hufanya kazi ambayo mbolea ya dukani haiwezi. Mizizi yake huvuta virutubisho vilivyoshuka chini, majani huvirudisha juu, na mfuruanje, kwa kuwa ni wa jamii ya mikunde, huongeza naitrojeni.

Kagera ni kinyume kabisa. Mwamba wake ni mchanga uliogandamana na mwamba tope wa kale sana, na mwambao wa ziwa hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo umeoshwa hadi hauna kitu. Ukisimama kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi isiyolimwa, unaona ardhi hafifu. Ukivuka na kuingia kibanja, yaani shamba la nyumbani, hatua chache tu mbele, unakuta udongo mweusi wenye migomba na mibuni ya robusta. Mwamba ni uleule na mvua ni ileile. Tofauti yote imetengenezwa na watu. Kwa vizazi na vizazi Wahaya walikata nyasi za rweya wakaziweka kibanjani, walichunga ng'ombe rweya wakaleta samadi kibanjani, majivu ya jikoni na maganda ya ndizi yakafuata. Rutuba ya Bukoba haikutoka mbinguni wala ardhini. Ilibebwa kichwani. Na miaka ya 1890 sotoka ilipofyeka ng'ombe, njia kuu ya rutuba hiyo ikakatika. Leo idadi ya watu imeongezeka, ng'ombe ni wachache, rweya imepungua, na kibanja kinakula akiba iliyowekwa na mababu.

Sasa mtaalamu akija na ushauri mmoja kwa mashamba hayo mawili, amemsaidia nani? Andosoli ya Kilimanjaro ina mboji nyingi, ila fosforasi imefungwa. Kibanja cha Kagera, mboji ikipotea, hakina chochote cha kushikilia mbolea, kwa sababu mfinyanzi wake uliochakaa hauna uwezo huo. Urea ikitiwa huko bila samadi wala matandazo, mvua ya kwanza inaondoka nayo. Mbozi na Mbinga nako kuna sura zao, uchachu ukiwa tatizo kubwa kuliko Kilimanjaro, na Wamatengo wa Mbinga walishajua zamani, kwa kilimo chao cha ngoro, kwamba nyasi zikifukiwa chini ya udongo wa mteremko huzuia mmomonyoko na kulisha ardhi.

Niseme kidogo kuhusu kinachoondoka. Tani moja ya kahawa safi, ukihesabu pamoja na maganda ya matunda yaliyoizaa, hutoka na naitrojeni kati ya kilo 30 na 40, potasiamu kiasi kama hicho au zaidi, na fosforasi kidogo. Chukueni hekta moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 2.74 kwa 2.74. Ina mibuni 1,330 hivi. Kila mbuni ukitoa nusu kilo ya kahawa safi, ni kilo 665, na naitrojeni inayoondoka ni takriban kilo 23. Hiyo ndiyo naitrojeni yote iliyomo katika mfuko mmoja wa urea wa kilo 50. Lakini hapo hatujahesabu majani mapya, matawi ya mwaka ujao, wala ile inayopotea kwa mvua na hewa, na mara nyingi mti hupata nusu tu ya mbolea iliyotiwa, au pungufu. Ndiyo maana mbuni uliozaa sana bila kulishwa hukausha matawi na mwaka unaofuata hauna kitu. Mali bila daftari huisha bila habari, na mashamba yetu mengi hayana daftari.

Kuna mlango mmoja wa kupotea ambao hautajwi vya kutosha. Maganda ya matunda ya kahawa yana potasiamu nyingi sana. Mkulima alipokuwa akimenya kahawa yake nyumbani, maganda yalibaki kihambani. Sasa tumejenga mitambo ya kati ya kumenya, na ni jambo jema kwa ubora na bei, siupingi mfumo huo hata kidogo. Lakini matunda yanaletwa mtamboni na maganda yanabaki huko, yanarundikwa, yananuka, yanachafua mto. Shamba linapoteza potasiamu kila msimu, na kijiji kizima kinaipanga kwenye lundo moja na kuiita takataka. Ongezeni hapo mikungu ya ndizi inayopakiwa kwenda sokoni Moshi, Arusha na Dar es Salaam, maana mgomba nao ni mlaji mkubwa wa potasiamu. Utafiti uliofanywa Uganda umeonyesha kwamba kahawa ikichanganywa na migomba humpa mkulima kipato kikubwa zaidi kwa eneo kuliko zao moja peke yake. Nakubaliana nao kabisa, kwa sharti kwamba mazao mawili yakiondoka, malipo ya mawili yarudi. Maganda yageuzwe mboji na yarejeshwe kwa wanachama kwa uwiano wa kilo walizoleta. Hii ni kazi ya chama cha msingi cha ushirika na haihitaji dola hata moja ya kigeni.

Hapo hapo nitoe tahadhari kwa wanaopenda matandazo. Matandazo ni bora, yanatunza unyevu, yanapoza udongo, yanazuia mmomonyoko. Ila majani ya tembo yana potasiamu nyingi, na yakitandazwa mfululizo potasiamu huzidi na kuizuia magnesiamu isinyonywe. Majani ya zamani huanza kuwa ya njano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani. Mkulima akiona hivyo anadhani ni naitrojeni, anaongeza urea, na hali haibadiliki.

Naitrojeni yenyewe igawanywe mara mbili au tatu ndani ya msimu wa mvua, isitiwe yote siku moja. Imwagwe kwenye duara chini ya kingo za matawi, mizizi ilipo, isirundikwe shinani. Urea ifunikwe kwa udongo kidogo au itiwe mvua ikikaribia, la sivyo sehemu yake hupaa hewani. Fosforasi ina nguvu zaidi ikitiwa ndani ya shimo la kupandia, na kwenye udongo mchachu mbolea ya Minjingu inafaa sana, kwa sababu uchachu ndio unaoiyeyusha, na ina kalsiamu pia. Zinki na boroni zinahitajika kwa gramu chache tu, lakini zikikosekana mti hudumaa. Boroni ikipungua ncha za matawi hufa na vichipukizi hutoka kwa wingi pembeni mfano wa upepeo. Shaba nayo, kwenye mashamba yaliyonyunyiziwa dawa kwa miongo kadhaa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, imejikusanya katika udongo wa juu na haiendi popote. Aina mpya za arabika zinazostahimili magonjwa hayo, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, pale Lyamungu, zinapunguza haja ya dawa hizo. Lakini zinazaa sana, na kinachozaa sana hula sana. Kumpa mkulima mche bora bila ushauri wa udongo ni kumwongezea deni.

Sitaki nieleweke kwamba wakulima ndio wenye kosa. Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bei ya kahawa duniani ilipoanguka baada ya mfumo wa kimataifa wa mgao wa mauzo kuvunjika mwaka 1989 na tena kuelekea 2001, watu walifanya hesabu yao wakaona mfuko wa mbolea haulipi. Walikuwa sahihi kwa bei ya wakati ule. Serikali ilirudisha ruzuku katika msimu wa 2022/2023, bei za mbolea zilipopanda duniani kote, na nilifurahi. Lakini ruzuku inayompunguzia mkulima bei ya kitu ambacho udongo wake haukihitaji ni fedha za umma zilizozikwa. Shilingi ya kwanza iende kwenye kupima, ya pili kwenye chokaa pale vipimo vinapoidai, ya tatu kwenye mboji na matandazo, na ndipo mfuko ufuate. Kwa kibanja kilichochoka, mpangilio huo haubadiliki hata bei ya urea ikiwa nusu.

Maabara zipo: Lyamungu, Mlingano kule Tanga, Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Kinachokosekana ni njia ya sampuli kutoka kitongojini hadi maabara, na ya majibu kurudi yakiwa katika Kiswahili kinachosomeka, yakisema ni makopo mangapi kwa kila mbuni badala ya namba ambazo hata afisa ugani anazikodolea macho.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vya msingi mlioko hapa. Kabla ya mvua zijazo, chagueni mashamba kadhaa katika kila kitongoji, ya juu, ya kati na ya chini ya mteremko. Pitieni kila shamba kwa mwendo wa zigizaga, chimbeni sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 30, changanyeni udongo huo katika ndoo safi, toeni nusu kilo, ikausheni kivulini na kuiandika vizuri. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu wapewe kazi hiyo pamoja nanyi, kama sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo. Gharama zilipwe na chama kutoka kwenye makato ya msimu, mkikubaliana kwenye mkutano mkuu. Na majibu yakirudi yabandikwe kwenye ukuta wa ghala, kila mwanachama ayasome kabla hajaenda dukani.